Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Amewekwa Safu ya Nne, Je, Ana Mustakabali Katika Hoki?

SWALI: Ndugu Mhariri wa Michezo, pokea salamu zetu kutoka Winnipeg. Sisi ni wenyeji wa Uvira, na tuliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuhamia Kanada. Mwanangu wa pili alianza kuteleza kwenye barafu akiwa na miaka saba, katika uwanja wa wazi wa kituo cha jamii kilicho jirani na nyumba yetu, kwa viatu vya mtumba. Sasa ana miaka 18, urefu wa sentimita 188 na uzito wa kilo 90, na anacheza winga ya kushoto katika msimu wake wa pili wa ligi ya vijana ya WHL. Alipokuwa na miaka 14 alikuwa mfungaji bora wa timu yake. Msimu uliopita alifunga mabao tisa na kutoa pasi za mabao 11 katika mechi 58, na msimu huu kocha amemweka safu ya nne. Dakika zake ni chache, ingawa timu inapocheza pungufu huwa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Katika drafti ya NHL, yaani uchaguzi wa kila mwaka ambapo timu za ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini huchagua vijana, jina lake halikutajwa. Msaka vipaji mmoja aliniambia kwamba kijana ana sifa za mchezaji wa kazi wa safu za chini, nami mpaka leo sijui kama alikuwa ananipa pole au ananipongeza. Shemeji yangu anashauri tumhamishie ligi ya chini ambako atafunga mabao mengi. Mwanangu mwenyewe ameanza kuamini kwamba atajulikana haraka akipigana ngumi uwanjani. Mama yake haulizi kingine ila shule. Tufanyeje?
*Mzazi, Winnipeg*

JIBU: Ndugu mzazi, tumeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na mzazi asipoyatenganisha anaweza kumpotosha mtoto kwa nia njema kabisa. Swali la kwanza ni kama kijana wako ana sifa za kuwa mchezaji wa safu ya tatu au ya nne katika hoki ya watu wazima. Swali la pili ni kama kukaa safu ya nne katika timu ya vijana ndiyo njia ya kufika huko. Majibu yake hayafanani.

Kwa ajili ya wasomaji wasioufahamu mchezo huu, tueleze kidogo. Timu ya hoki ya barafu huvalisha wachezaji 20 kwa mechi moja, wawili kati yao wakiwa makipa, na kwa kawaida washambuliaji huwa 12. Hao hugawanywa katika safu nne za watu watatu watatu, yaani senta na mawinga wawili, wakipokezana kwa zamu za takriban sekunde 45, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kuteleza kwa kasi ile muda mrefu zaidi bila kupumzika. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Washambuliaji wa safu ya kwanza katika NHL hucheza karibu dakika 20, na wale wa safu ya nne hupata pengine nane, pengine 12. Mwenye dakika hizo chache hawekwi uwanjani ili afunge mabao mengi. Huwekwa ili wale wenye vipaji vikubwa wapate pumzi, na ili timu isiumizwe wakati wao wamekaa.

Sasa tulitazame swali la kwanza. Katika maelezo yako yote, yaliyotutia moyo zaidi hayakuwa urefu wala uzito wake, bali ile sentensi uliyoiandika kama ya kupita tu, kwamba timu inapocheza pungufu yeye huwa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Mchezaji akifanya kosa dogo hutolewa nje kwa dakika mbili, na timu yake hubaki na watu wanne dhidi ya watano. Kocha hamwingizi mtu wakati huo kwa kumwonea huruma. Huingiza washambuliaji wawili tu, na huchagua wale anaoamini kwamba watasimama mahali panapostahili, wataweka gongo katika njia ya pasi, watakubali kupigwa na kisahani mguuni ili kisifike kwa kipa, na hawatakimbilia mpinzani kwa pupa na kuacha mlango wazi nyuma yao. (Kisahani ni ile duara nyeusi ya mpira mgumu ambayo katika hoki ya barafu hutumika badala ya mpira.) Kijana wa miaka 18 anayeaminiwa hivyo ameonwa na kocha wake, hata kama karatasi ya takwimu haisemi neno.

Kwa hiyo tunakuomba uache kuhesabu namba ya safu na uanze kutazama saa. Timu yake inapoongoza kwa bao moja na zimebaki dakika mbili, je, yuko uwanjani au yuko benchi? Timu ikitoka kufungwa, ni safu gani inayotumwa mara moja kutuliza mchezo? Kisahani kinapoanzishwa karibu na lango lao wenyewe, kocha humwita nani? Ukiona mwanao anaitwa nyakati hizo, yule msaka vipaji hakuwa anakupa pole.

Liko jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalitazami, nalo ndilo linalomtenganisha winga wa kazi na winga wa kawaida, yaani kazi ya ukutani. Timu inapojilinda, beki hukirusha kisahani kandokando ya ukuta wa pembeni, na winga hukipokea akiwa ameligeuzia lango la mpinzani mgongo, huku beki wa upande wa pili akija kwa kasi kumbana. Ana nafasi ya kuhesabu moja, mbili. Akikipoteza pale, hatari iko mbele ya kipa wake. Akikitoa nje ya eneo lao, hata kwa njia isiyopendeza macho, kazi yake ya zamu ile imekamilika. Kaa juu kidogo uwanjani, chukua daftari, na kwa mechi tano uandike ni mara ngapi mwanao alipokea kisahani ukutani na mara ngapi kilitoka salama. Daftari hilo litakueleza mustakabali wake vizuri kuliko mabao tisa yale.

Utazame pia anavyokaba juu, katika eneo la wapinzani. Washambuliaji watatu hawaendi kama kundi la nyuki. Wa kwanza humwendea mwenye kisahani na kumlazimisha ageukie upande mmoja, wa pili hufuata pale kisahani kinapoelekea, na wa tatu hubaki nyuma kidogo ili mambo yakiharibika awe mtu wa kwanza kurudi. Winga mwenye mwili mkubwa kama wa mwanao hupenda kuwa wa kwanza kila wakati, kwa sababu kumgonga beki kwa bega kunashangiliwa. Anayejua lini awe wa tatu ndiye anayepewa mkataba. Na yote haya yanasimama juu ya miguu: hatua zake tatu za kwanza baada ya kusimama zikiwa nzito, watu wazima watamwacha, kwa kuwa katika ligi za juu hata mabeki wakubwa wanateleza kwa wepesi. Kama una fedha ya mafunzo ya jambo moja tu wakati wa kiangazi, ielekeze kwa mwalimu wa kuteleza.

Tukija kwenye swali la pili, hapa inatubidi tuseme wazi jambo ambalo huenda halitakufurahisha. Safu ya nne ya timu ya vijana na safu ya nne ya NHL si chumba kimoja. Karibu kila mtu unayemwona akifanya kazi ngumu katika safu za chini za NHL alikuwa nyota mahali alikotoka. Mtazame Yanni Gourde. Hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti, lakini msimu wa 2011–12 aliongoza ligi ya vijana ya Quebec kwa pointi 124, yaani mabao na pasi za mabao vikijumlishwa. Alipita katika ligi za chini za kulipwa kabla ya kupata nafasi ya kudumu katika timu ya NHL ya Tampa Bay, na kilichompa jina huko hatimaye kilikuwa kazi yake kama senta wa safu ya tatu. Mwenzake Blake Coleman, aliyechaguliwa katika raundi ya tatu mwaka 2011, alikuwa ametoka kukusanya pointi 92 katika ligi ya vijana ya Marekani, USHL. Watu hawa hawakupelekwa kwenye kazi ya kukaba kwa sababu hawakujua kufunga. Walijua kufunga, kisha wakakubali kujifunza lile jingine.

Historia yao ina fundisho kubwa kwa nyumba yako. Msimu wa 2018–19 Tampa Bay walishinda mechi 62, wakaifikia rekodi ya ligi, kisha wakaondolewa na Columbus katika raundi ya kwanza bila kushinda hata mechi moja. Walikuwa na nyota wa kutosha. Februari 2020 walimchukua Coleman kutoka New Jersey na Barclay Goodrow kutoka San Jose, na katika kila moja ya mabadilishano hayo walitoa, pamoja na mambo mengine, haki ya kuchagua katika raundi ya kwanza ya drafti. Goodrow naye hakuwa amechaguliwa na mtu katika drafti. Wawili hao wakaungana na Gourde, na timu ikatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 2020 na tena mwaka 2021. Katika mechi ya pili ya fainali ya 2021 dhidi ya Montreal, zikiwa zimebaki sekunde chache mno kipindi cha pili kimalizike, Coleman alijirusha mbele kifudifudi na kwa mkono mmoja akakisukuma kisahani langoni mwa kipa Carey Price. Ukilitazama bao hilo utaona mambo yote mawili tunayoyasema: juhudi ya mtu wa kazi, na mkono wa mfungaji ambao haukuachwa ukafa.

Hapo ndipo wasiwasi wetu juu ya mwanao ulipo. Ana miaka 18, na katika timu za WHL, ambako kila timu huruhusiwa wachezaji watatu tu wenye miaka 20, wakubwa huondoka kila mwaka na nafasi za juu hufunguka. Kuwa safu ya nne katika umri wake si jambo la kutisha. Lakini msimu ujao, akiwa na miaka 19, ni lazima apande, afikie safu ya pili na kupewa nafasi hata pale timu inapokuwa na mchezaji wa ziada. Akibaki na mabao tisa akiwa na miaka 19, tutakuwa na mashaka, hata kama anakaba vizuri namna gani. Kwa hiyo baada ya mazoezi ya timu abaki kupiga mashuti mia moja, na hasa ajifunze kufunga mabao ya karibu: kisahani kilichotemwa na kipa, kile kinachobadilishwa njia kwa ncha ya gongo, na vile vya vurugu mbele ya lango. Mtu wa mwili wake atayapata mabao yake mita mbili kutoka langoni, na akiwa mkubwa ni mabao hayo hayo atakayoombwa.

Kuhusu ushauri wa shemeji, tunauheshimu lakini hatukubaliani nao kwa sasa. Katika ligi ya chini atapata mabao, naam, lakini atayapata dhidi ya mabeki wanaomwachia nafasi, na ile kazi ya ukutani na ya kucheza pungufu anayofundishwa sasa itasahaulika. Kabla ya kuhama, kijana mwenyewe, si baba, aombe dakika kumi za kocha na aulize jambo moja: nifanye nini ili msimu ujao nipande safu? Kocha akimpa jibu lenye vitendo vinavyopimika, abaki. Akipewa maneno ya jumla mara mbili au tatu, hapo mazungumzo ya kuhama yatakuwa na msingi.

Ngumi, hapana. Tunalisema hili kwa uzito wote. Kichwa cha mtoto wako hakina kipuri, na soko la wachezaji wasiojua lingine ila kupigana limekwisha. Pengine ametajiwa mfano wa Mathieu Olivier wa Columbus, mtu ambaye hakuchaguliwa katika drafti na ambaye kweli hupigana. Mweleze sehemu ya pili ya habari hiyo: msimu wa 2024–25 Olivier alifunga mabao 18, na msimu huo huo akapewa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 18, kama mtu aliyekuwa amejifunza kucheza hoki kamili. Au mpe mfano wa karibu zaidi na nyumbani kwenu. Keegan Kolesar alikulia hapo hapo Winnipeg, akacheza WHL katika timu ya Seattle na kuchukua ubingwa wa ligi mwaka 2017. Alichaguliwa wa 69 katika drafti ya mwaka 2015, lakini hakuwa mchezaji wa kudumu wa timu ya NHL ya Vegas hadi msimu wa 2020–21, baada ya miaka ya kusubiri na kujifunza katika AHL, ligi ya kulipwa iliyo chini ya NHL. Mwaka 2023 alinyanyua Kombe la Stanley. Ni winga mwenye nguvu, wa safu za chini, na njia yake ndiyo tungependa mwanao aisome kwa makini, hasa ile miaka ya kusubiri.

Sasa mama apewe haki yake, kwa sababu swali lake ndilo lenye jibu la uhakika kuliko yote. WHL ina utaratibu wa ufadhili wa masomo ambao kila msimu anaoucheza kijana humpatia mwaka mmoja wa karo ya chuo, pamoja na vitabu na ada za lazima. Mwanao ana msimu mmoja kamili mkononi na wa pili unaendelea. Ombeni masharti yake kwa maandishi, hasa yale yanayoeleza lini haki hiyo hupotea akisaini mkataba wa kulipwa. Tena, tangu tarehe 1 Agosti 2025 wachezaji wa ligi hizi za vijana za Kanada wanaruhusiwa kwenda kucheza katika vyuo vikuu vya Marekani, jambo lililokuwa limefungwa kwa miaka mingi. Kwa winga ambaye hakuchaguliwa katika drafti, ambaye mwili umekomaa lakini mchezo bado unakua, miaka mitatu au minne ya chuo huenda ikamfaa kuliko kukimbilia mkataba mdogo akiwa na miaka 20. Coleman mwenyewe alipitia Chuo Kikuu cha Miami, kule Ohio. Kama kijana huyu angekuwa wetu, tungemwelekeza huko, na tungeanza kuzungumza na vyuo mwaka huu, alama zake za shule zikiwa bado zinaweza kurekebishwa.

Na drafti isiwavunje moyo kupita kiasi. Ina raundi saba, na asiyechaguliwa mara ya kwanza anaweza kuchaguliwa mwaka unaofuata, au kualikwa kwenye kambi ya mazoezi bila kuchaguliwa kabisa. NHL ina timu 32, ambayo ni sawa na washambuliaji 384 wanaovaa jezi timu zote zinapocheza, na nusu yao wako safu ya tatu na ya nne. Katika msimu wa 2024–25 hata aliyelipwa kima cha chini kabisa alipata dola 775,000. Milango ni michache, lakini mlango wa safu za chini ndio ambao mtu wa bidii na akili anaweza kuubisha bila kuwa amezaliwa na mikono ya ajabu. Kwa maelezo yako, tunaamini kijana ana haki ya kuubisha.

SWALI: Mhariri, nilijifunza kuteleza katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari hapa Nairobi, na tangu wakati huo huamka saa kumi alfajiri kutazama hoki ya Amerika. Watangazaji husifu safu ya nne, lakini mimi sioni wanachokifanya. Nitazame nini?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Huoni kwa sababu kamera hufuata kisahani, na wewe unaifuata kamera. Safu ya nne inapoingia, chagua mtu mmoja na usimwachie macho hata kisahani kikienda kwingine. Kisha angalia zamu yao ilianzia wapi na imeishia wapi. Wakiingia kisahani kikiwa karibu na lango lao, na wakarudi benchi kikiwa kwenye kona ya wapinzani, mabeki wa upande wa pili wakiwa wamechoka na kuinama, basi hata kama hawakupiga shuti lolote wamefanya walichotumwa. Watazame pia watakaofuata: mara nyingi ni safu ya kwanza, ikiingia na miguu mipya dhidi ya mabeki wale wale waliochoka ambao hawajapata nafasi ya kubadilishwa. Bao likiingia hapo, litaandikwa kwa jina la nyota, na ukirudisha picha sekunde 40 nyuma utamwona yule winga uliyekuwa umemchagua akisukumana ukutani.